Jina Langu Kwenye Kadi ya Bi Zuhura

Mwezi uliopita tulimsomea hitma Bi Zuhura katika ukumbi wa chini wa jengo moja pale Silver Spring, huku Amerika, na mimi, Mkristo wa kutoka Nakuru, nilikaa safu ya mbele na mtandio kichwani kama mtoto wa marehemu. Hakuna aliyeniuliza. Amezikwa Unguja, alikorudi kupumzika uzeeni, lakini watu wake wa huku walikuwa wengi kiasi kwamba viatu vilivyovuliwa mlangoni pekee vingejaza kontena la kupeleka Mombasa. Baada ya dua tulipakuliwa wali wa nazi, na nyuma yangu kina mama wawili wakaanza kumsifu kwa mnong'ono unaosikika mpaka Virginia. Mmoja alisema hajaona mkono wa sambusa kama ule. Mwenzake akasema, "Sambusa tu? Yule akitoka dukani gari haliwashwi mpaka awalipe benki. Mie n'likaa naye ndani ya gari, joto limenipasua, dirisha limefungwa, ananambia subiri, bado n'nadaiwa." Wakacheka, kisha wakajifuta macho. Nami nikaweka kijiko chini, kwa sababu mwaka mmoja wa maisha yangu, ule ulionifanya niwe mtu mwenye anwani katika nchi hii, ulisimama juu ya ukaidi huohuo wa mama mmoja aliyekataa gari liwashwe.

Wakati huo nilikuwa naishi sebuleni kwa Njeri, rafiki yangu wa tangu Nakuru aliyenitangulia kuja Amerika. Chumba changu kilikuwa ile nafasi iliyobaki kati ya kochi na dirisha, nikaizungushia pazia la maua. Kilikuwa kidogo hivi kwamba nikipiga chafya, Njeri aliye jikoni ndiye aliyejipangusa. Kochi lenyewe lilikuwa na umri kutushinda sisi wawili tukijumlishwa. Lakini nilipapenda. Asubuhi chai ya maziwa ilichemka hatua chache kutoka kichwani mwangu, na nilikuwa naamshwa na harufu ya tangawizi badala ya saa. Mchana nilikwenda Springfield kumhudumia mzee mmoja aliyekuwa na kisukari na hasira, na jioni nilikimbilia chuo cha watu wazima kusoma uwekaji hesabu. Sikuwa na ugomvi na Amerika, wala yenyewe haikuwa na ugomvi nami, mpaka mambo mawili mazuri yalipokuja pamoja na kugeuka kuwa baya moja. Njeri alichumbiwa, na angehama mwisho wa kiangazi. Na viza ya binti yangu Wairimu, niliyemwacha akiwa darasa la nne, ikakubaliwa, naye angefika majuma hayohayo. Mtoto angeshuka kwenye ndege na kuja kulala wapi? Nyuma ya pazia la sebule ambayo si yetu tena?

Nikaanza kutafuta nyumba. Katika ofisi ya kwanza nilivaa suti. Nilijivunia kwamba tangu nizaliwe sijakopa hata kiberiti, na kila kitu nilikilipa taslimu. Nikamweleza yule dada wa ofisini hivyo, nikitarajia apige makofi. Akaandika jina langu kwenye kompyuta, akangoja, akaandika tena, kisha akaniangalia kama mtu aliyeona kiti kikijisogeza chenyewe. Kwa kompyuta ile, inayowajua watu kwa madeni waliyowahi kulipa, mimi sikuwepo. Mtu aliyekopa akashindwa kulipa alikuwa na doa; mimi sikuwa hata na kitambaa cha kutia doa. Ofisi ya pili walinijibu hivyohivyo, na ya tatu, na nadhani kufikia mwisho wa majira ya baridi nilikuwa nimekataliwa na kila jengo lenye paa kati ya Silver Spring na Landover.

"Wamekataa tena?" Njeri aliniuliza siku moja, akisonga ugali.

"Wanasema sina historia."

"Si uwaambie ile tulifunzwa class eight."

"Njeri, mimi nalia, wewe unacheka."

"Sicheki, nasonga. Sikiza. Mtu hapa huanza kwa kuwekwa kwa kadi ya mkopo ya mtu mwingine. Unatafuta mtu analipa vizuri, anakuadd kwa kadi yake, jina lako linakaa hapo ndani linaiva polepole. Yeye akilipa, ni kama wewe umelipa."

"Basi niadd wewe."

"Mimi? Ukiingia kwa kadi zangu hata huo usichana wako wa kutokopa utapotea. Tafuta mtu ameokoka kwa mambo ya pesa."

Niliyemfikiria mara moja hakuwa ameokoka kwa maana ya kina Njeri. Bi Zuhura tulijuana koridoni pale chuoni. Alikuwa Mzanzibari mjane, mnene wa kupendeza, anayepika chakula cha harusi, na jioni alisoma Kiingereza hatua ya pili katika chumba cha jirani. Hatua hiyo alikuwa ameirudia mara nyingi mno, mpaka walimu wakamsalimia kama mfanyakazi mwenzao. Si kwamba hakuelewa. Aliniambia waziwazi: "Hatua ya tatu hawali, mwanangu. N'shakwenda kuwaangalia. Wamekaa na vitabu tu. Wenye njaa wako hatua ya pili." Kila mapumziko alifunua sambusa zake, na mimi nawaapia kwamba kengele ya chuo kile ilipigwa kwa kufuata sambusa, si kwa kufuata saa.

Jumamosi nilikuwa naenda kwake kumsaidia kufunga sambusa za harusi, na malipo yangu yalikuwa chakula, ambacho kwa mtu aliyekuwa akila mkate ndani ya basi kilikuwa mshahara wa waziri. Nikifumba macho sasa naliona jiko lile: dirisha linalotazama maegesho ya magari, hiliki na bizari kwenye chupa za jemu, mvuke umetanda hata huoni kalenda, na simu juu ya friji, spika wazi, Unguja nzima ikipika pamoja nasi. Mtu wa kule angeuliza kitu, Bi Zuhura angejibu akikatakata vitunguu, mtu mwingine angekohoa, jogoo angewika. Mezani alikaa binti yake Salma, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyezaliwa hukuhuku, anayeelewa kila neno la Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, kama redio iliyoshika stesheni mbili. Sijapata kula mahali penye kelele tamu kama zile. Siku hizi nina jiko langu lenye vitu vyote vinavyong'aa, na wakati mwingine nawasha redio tu ili pasiwe kimya.

Kumwomba mtu wa pwani jambo kubwa si kama kwetu, ambako unaingia na kuitoa shida yako kabla hujakalia kiti. Niliona nianzie mbali. Nikasifu mapazia, nikasifu mchuzi, nikauliza hali ya jamaa ambao hata sikuwajua.

"Esta," akasema Bi Zuhura, "ushawasalimia mpaka marehemu. Sema neno lako."

Nikalisema: Wairimu, nyumba, kompyuta isiyonijua. Nikamweleza kuwa jina langu likiwekwa kwenye kadi yake, uaminifu wake wa kulipa utahesabiwa kuwa wangu pia.

"Mie hiyo kadi naiogopa kama nyoka," alisema. "Ninayo kwa sababu wenye kumbi za harusi hawapokei fedha mkononi. Riba silipi, na wala sitaki inisogelee. Nikinunua kitu nalipa palepale, nyoka hajawahi kuinua kichwa."

"Ndiyo maana nataka kadi yako, Bi Zuhura."

"Kwa kuwa naiogopa?"

"Kwa kuwa unaiogopa."

Akakoroga chungu. "Wataka kuingia kwenye fedha zangu au kwenye jina langu?"

"Jina tu. Fedha sigusi."

"Na nikikosa kulipa mie?"

"Nitachafuka pamoja nawe."

"Na ukiitumia wewe, ukala, ukakimbilia kwenu bara?"

"Utachafuka pamoja nami."

"Ndoa ya ajabu hii," akasema. Salma akacheka, akatuambia kwa Kiingereza kwamba kazi yote ni dakika chache kwenye simu. Mamake akaonja mchuzi, akaongeza chumvi, akaonja tena. Nilihisi nimesimama pale tangu enzi za ukoloni. "Basi mtie," akasema hatimaye. "Na jina lake uliandike sawasawa, wasije wakamtia mtu mwingine peponi."

Kadi yenye jina langu ilifika kwake baada ya siku chache. Nilikuwa sijawahi kuona jina langu limevimba hivyo. Nikapitisha kidole juu ya herufi zake, E, S, T, na nadhani nilirefuka kidogo. Bi Zuhura aliichukua mkononi mwangu taratibu, akaenda kwenye sinki, akashika mkasi wa kukatia mapezi ya samaki, akaikata vipande mbele ya macho yangu. Akavitupa pamoja na magamba ya samaki. "Benki ishalijua jina lako," alisema. "Mkono wako hauna haja ya kuijua kadi." Kisha akanimiminia chai. Nisiseme uongo, roho iliniuma kwa muda wa kikombe kizima. Lakini nimeshawaona watu wengi tangu wakati ule, ndugu wa damu, waliovunjiana heshima kwa sababu kadi ilikaa kwenye pochi isiyo ya mwenyewe, na kila ninaposikia habari hizo nausikia mkasi ule.

Miezi ile ilipita kwa harufu ya karafuu. Tulikuwa tunakwenda Landover, kwenye maghala ya jumla, kununua mchele kwa magunia na mafuta kwa madebe, Salma akiendesha, mimi nyuma nikiwa nimekumbatia vitunguu. Tukishapakia, Bi Zuhura angekaa kiti cha mbele, afunge mkanda, aseme, "Salma, lipa." Salma angelalamika kwa Kiingereza kwamba bili yenyewe haijatumwa. "Haijatumwa kwako," mamake angejibu. "Malaika keshaiandika." Na Salma angetoa simu, alipe, amwonyeshe, na hapo tu ufunguo uliruhusiwa kuzungushwa. Baridi ilipokuwa haijaisha tulitetemeka, joto lilipofika tuliiva kama maandazi. Lakini mimi kule nyuma nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika maegesho yale, kwani kila gari lilipowaka, nami nilikuwa nimelipa. Pale chuoni mwalimu wetu wa hesabu alipoeleza kwamba watu wengi hulipa siku ya mwisho, au hulipa kidogokidogo, nilitaka kunyoosha mkono nimwambie kuhusu mama anayelipa kabla ufunguo haujazungushwa, lakini nilijua hataamini.

Njeri akanishauri nitazame alama zangu za mikopo. Nikatazama. Kompyuta ileile iliyoniona mzuka sasa ilinijua kama jirani. Nikapata nyumba ya chumba kimoja katika jengo la matofali, mwendo mfupi kutoka kituo cha treni, na shule ng'ambo ya barabara. Nikaacha maombi yangu ofisini. Wakasema watanichunguza juma lile na kunijibu Jumatatu. Wairimu alikuwa ameshakatiwa tiketi.

Na juma lilelile Bi Zuhura akapata nafasi ya kwenda Hija.

Sijawahi kuona mtu akijisafisha na dunia namna ile. Alirudisha sufuria aliyoazima kabla Salma hajazaliwa. Alimtafuta fundi wa magari aliyewahi kumfokea, akamwomba radhi, fundi akalia. Yeyote aliyewahi kula, kukopa, kuazima au kununiwa naye alipigiwa simu. Jumamosi nilipofika kufunga sambusa, nilimkuta ameketi, simu mezani, spika wazi, muziki wa kusubirishwa wa benki unapiga, na Salma pembeni ameshika kichwa.

"Leo naifunga kadi," Bi Zuhura aliniambia, mchangamfu kabisa. "Siendi kwa Mola wangu na nyoka mkobani."

Nikakaa. Nikachukua manda, nikatia nyama, nikaanza kufunga. Kama kadi ikifungwa jina langu lingebaki au lingefutika, sikujua; mwalimu alikuwa amesema hivi, Njeri akasema vile. Nilijua tu kwamba Jumatatu mtu angeniangalia kwenye kompyuta. Neno nilikuwa nalo, lakini ningesemaje? Mtu anakwenda kuitikia wito wa maisha yake yote, wewe umwambie subiri, nina shida ya nyumba? Nikafunga sambusa. Bi Zuhura akaokota moja kutoka sahani yangu, ikamwagikia mkononi. Akaokota nyingine, ikamwagika.

"Hizi zimefungwa au zimepumzishwa?" akauliza. "Una nini?"

"Sina kitu."

Salma ndiye aliyenisemea, kwa Kiingereza, maneno machache: Jumatatu ndiyo siku ya nyumba ya Esta. Muziki wa benki ukaendelea kupiga. Bi Zuhura akanigeukia.

"Na wewe umenyamaza?"

"Ni Hija, Bi Zuhura."

"Najua ni Hija. Nakuuliza mbona umenyamaza." Hakungoja jibu. Akainuka, akachukua simu ya pili juu ya friji, akampigia sheikh wake. Basi simu moja ilikuwa na benki, inasubiri, ya pili ina sheikh, anasalimiwa yeye, mkewe, watoto na goti lake linalouma. Kisha akamweleza mambo yote.

"Leo unadaiwa?" sauti ya sheikh ikauliza.

"Sidaiwi hata senti."

"Umetwaa kitu cha mtu hujakirudisha?"

"Hata kijiko. N'sharudisha mpaka sufuria."

"Basi huna deni, Bi Zuhura. Hiyo kadi ukiona moyo haukutulii nayo, ifunge. Leo au ukirudi, ni juu yako."

Akashukuru, akakata. Wakati huohuo muziki wa ile simu nyingine ukakoma, na mtu wa benki akasema habari yako, nikusaidie nini. Sote watatu tukaitazama simu ile kama imekaliwa na nge. Bi Zuhura akanyoosha kidole, akaikata. "Nitaifunga nikirudi," alisema. "Na nisiporudi, Salma ndiye atakayeifunga, lakini si kabla huyu hajapewa ufunguo. Huo ni wasia." Kisha akanigeukia, akanishika mikono yote miwili ikiwa na unga. "Na wewe Esta, kama nimekukosea, kwa neno au kwa kitendo, niwie radhi."

Kwetu hakuna jibu la jambo hilo. Nikasema, "Hakuna shida, Bi Zuhura."

"Sio hakuna shida. Sema nimekuwia radhi."

"Nimekuwia radhi."

"Haya. Sasa zifumue hizo sambusa uanze upya, kuna watu wanaoana."

Jumatatu dada wa ofisi hii mpya, mwenye miwani ya mnyororo, alitazama kompyuta, akanitazama mimi, akatazama tena. Akasema fomu yangu inaonyesha nimeingia nchini miaka michache tu iliyopita, lakini kadi hii imekuwa ikilipwa miaka mingi kabla ya hapo, bila kukosa hata mara moja. Ilikuwa kweli. Umri wa kadi ya Bi Zuhura ulikuwa umenirukia na kuwa wangu. Kwa mujibu wa kompyuta, nilikuwa nikilipa madeni Amerika wakati nikichota maji Nakuru. Nikamweleza ukweli, kwamba kadi ni ya mtu mwingine na mimi jina langu limeongezwa, na sambusa ninazolipwa kwa chakula nikazieleza pia, na mzee wa Springfield, na chuo, na Wairimu, na ningeendelea mpaka jioni kama hangeniuliza, huyu mwenye kadi ni nani wako.

"Mama yangu," nikasema.

Akagonga mhuri.

Wairimu alifika na sanduku moja na maswali elfu. Usiku wa kwanza tulilala sakafuni, godoro lilikuwa halijaletwa, naye alikimbia kutoka chumbani kwenda sebuleni, sebuleni kwenda chumbani, akinihakikishia kwamba ni milango miwili, ameihesabu. Bi Zuhura aliporudi kutoka Makka, mwembamba kidogo, mweupe nguo na uso, tulikwenda kumwamkia na trei ya chapati. Nyumba ilikuwa imejaa wageni. Tende zilikuwa kila mahali. Alimpakata mtoto wangu, mtoto ambaye miguu yake iligusa sakafu, akamlisha kama kifaranga, akamuuliza mambo, Wairimu akajibu kwa Kiswahili cha Nakuru, na Bi Zuhura akacheka mpaka ushungi ukamwanguka. Kisha akamwita Salma na simu.

Safari hii benki hawakutusubirisha sana. Salma akasema mamake anataka kufunga kadi. Mtu wa upande wa pili akastaajabu, akasema mteja mzuri namna hii hawajapata kuona, akaahidi hili na lile, mpaka maili za ndege. Bi Zuhura akatikisa kichwa. Ndipo akaulizwa, kwa utaratibu wao, sababu ya kuifunga ni nini, kuna jambo walilomkosea?

"Waambie sina neno nao," alisema Bi Zuhura, akimtoa Wairimu kokwa ya tende mdomoni. "Mwanangu alikuwa hana nyumba. Sasa anayo."

Salma akatafsiri. Sauti ya upande wa pili ikauliza kama kuna jambo jingine lolote wanaloweza kumsaidia, na Bi Zuhura akasema hapana, lilikuwa hilo tu.